Kwanza Atulie, Kisha Asome

Kila Januari shule zikifunguliwa, Karatina haipitiki. Wazazi wanagombania sweta, wauza viatu wamepandisha bei, na pale steji ya matatu utawakuta watoto wa chekechea wamevalishwa mashati yanayofika magotini, maana mzazi wa Nyeri hununua nguo ya kuvaliwa miaka mitatu. Nami kila Januari huletewa habari ileile. Kuna mtoto, shule fulani, amekataa kuingia darasani. Ameng'ang'ania mlango wa matatu hadi vidole vikabanduliwa kimoja kimoja, amelala kwenye matope na sare mpya, amemuuma mwalimu mkono. Na kabla mama yake hajapata hata kumfuta kamasi, hukumu imeshatoka: huyo amedekezwa, anataka kiboko.

Mimi nilianza kufundisha maziwa ya Nyayo yakiwa mapya shuleni, nikastaafu watoto wakiwa wameletewa vishikwambi. Katikati hapo nimeona mitaala ikija na kuondoka, mawaziri vilevile, na bei ya gorogoro ya mahindi ikipanda bila kukumbuka njia ya kushuka. Hukumu hiyo tu ndiyo haijastaafu. Zamani ilinikera. Siku hizi hunichekesha kidogo, kwa sababu ukifika umri wangu unajua kwamba watu si wabaya. Ni kwamba wana haraka, wamechoka, na wanaona aibu mbele ya majirani, na mtu aliyebeba mambo hayo matatu kwa pamoja hawezi kufikiri sawasawa. Basi wanangu, vuteni viti, tumenye viazi polepole, tuzungumze juu ya watoto wenye usonji na hofu yao ya shule.

Usonji si jina geni tena masikioni mwetu. Redio imelitaja, na tangu 2008 kila tarehe 2 Aprili dunia imetenga siku ya kulizungumzia. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema mno, na mtoto hukua nayo hadi uzeeni. Mmoja huongea mfululizo, mwingine haongei kabisa. Mmoja atakushangaza kwa hesabu, mwingine atahitaji kuvalishwa viatu hata akiwa mtu mzima. Lakini wengi wao kuelewana na watu huwapa taabu, na mazoea yao wameyashika kwa mikono miwili. Tena sauti, mwanga, harufu au mguso ambao wewe huutambui hata kidogo unaweza kumuumiza yeye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Zihesabu shule za hapa kwetu Mathira, hesabu na watoto waliomo, utaona kwamba hatuzungumzii watoto wa mbali.

Nimeishi vya kutosha kuona kila kizazi kikimtafuta mkosaji wake. Wazee wetu walisema ni laana, kuna kiapo kilivunjwa. Baadaye ikawa mama alikula kitu kibaya akiwa mjamzito. Kisha televisheni, na sasa simu. Kule pwani, watafiti waliowahoji wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa walisimuliwa habari za pepo, uchawi na laana, pamoja na maelezo ya hospitali. Na msidhani Wazungu walituzidi busara. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim aliandika kitabu akiwalaumu akina mama kwa ubaridi wa mioyo yao, ingawa tangu 1964 Bernard Rimland, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alikuwa ameshaeleza kwamba chanzo kimo mwilini, katika ubongo. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza akaisingizia chanjo ya surua. Jarida lililochapisha maneno yake liliyafuta mwaka 2010, lakini uvumi wake mpaka leo unauzwa rejareja. Itazameni orodha hiyo vizuri. Karibu kila mara aliyebebeshwa gunia ni mama. Baba huwa amesafiri.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe, kwa maana ndiyo inayosahaulika. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, kule Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, na maandishi yale ndiyo yaliyouweka usonji mezani kwa madaktari wengi. Watu humkumbuka kwa kusema kwamba watoto wale walipenda kuwa peke yao, wakiiacha nusu ya pili. Kanner aliona pia kwamba ile hamu yao ya kutaka kila kitu kibaki vilevile ilisukumwa na wasiwasi. Akataja hata vitu vilivyowatia kiwewe: baiskeli za magurudumu matatu, lifti, maji yanayotiririka, mashine ya kupigia mayai, hata upepo. Mashine ya kupigia mayai, jamani! Sisi tunaona keki inakuja, mtoto anasikia dunia inapasuka.

Takwimu zilichelewa, lakini zilikuja. Mwaka 2011 Francisca van Steensel wa Uholanzi na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 31, zilizohusu watoto na vijana zaidi ya 2,000 wenye usonji, wakakuta karibu 4 kati ya 10 wana wasiwasi uliofikia kiwango cha ugonjwa wenyewe. Hofu ya kitu kimoja mahususi ndiyo iliyoongoza. Naye Temple Grandin, profesa wa mifugo kule Colorado ambaye mwenyewe ana usonji, ameandika kwamba hofu ndiyo hisia kubwa iliyomtawala maishani, na kwamba alipokuwa mdogo kengele ya shule ilimuuma masikioni kwa maumivu ya kweli. Huyo ni profesa. Ana maneno ya kujieleza. Wa kwetu wa chekechea ana meno tu.

Mchukue basi mtoto wa namna hiyo umwingize katika shule yetu ya kawaida. Asubuhi kuna gwaride: watoto mia kadhaa wamejipanga, ngoma inapigwa, mwalimu wa zamu anafoka. Sweta la sufu linamchoma shingoni, na Julai huku kwetu huwezi kumwambia alivue, ataganda. Darasani kuna wenzake 50 na zaidi. Mvua ya Aprili ikianza kupiga mabati, hata mimi niliyekuwa na kipaza sauti cha kuzaliwa nacho nilikuwa nafunga kitabu na kungoja. Choo kina harufu inayokupokea ukiwa bado mbali. Saa nne uji, na kikombe cha leo si kile cha jana. Halafu, bila taarifa, mwalimu wake amekwenda mkutanoni, ameingia mwingine mwenye sauti nyingine na manukato mengine, na somo la kuchora limegeuzwa hesabu. Kwa watoto wengine huo ni mchana wa kawaida. Kwa huyu, hakuna hata kitu kimoja alichoweza kukitegemea tangu alipoamka.

Na hofu yake haionekani kama hofu tuliyoizoea. Hatakuambia, "Mwalimu, naogopa." Pengine hajui kwamba ule moyo unaodunda na tumbo linalosokota ndio uoga; atakuambia tumbo linauma, na ukimpeleka zahanati hakuna minyoo wala homa. Atauliza swali moja mara 20: tunaenda nyumbani? tunaenda nyumbani? Atatingisha mikono kuliko siku nyingine. Atacheka mahali pasipo na kichekesho. Atakimbia hadi kwenye lango, au ataingia chini ya dawati na kuganda. Maneno aliyokuwa nayo jana yatapotea leo. Mwalimu akiyaona hayo anaandika: mtukutu, hasikii, hana nidhamu. Simlaumu sana mwalimu. Ana watoto 50, ana vitabu vya kusahihisha, ana karo za watoto wake mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumfundisha kuisoma hofu isiyolia.

Lakini matokeo hayajali kama tulikuwa na nia njema. Kichwa kinacholinda lango hakina nafasi ya kuunganisha silabi. Mtoto hawezi kushika maagizo matatu ya mwalimu huku akili yake yote iko kwenye mlango, dirisha na mtoto aliyemsukuma juzi. Mnajua githeri nyote, hakuna haja ya kuwaeleza. Mahindi makavu yanataka maji, moto wa wastani na saa zake. Ukichochea kuni kwa hasira kwa sababu wageni wamefika, maji yatakauka, chini kutaungua, na juu mahindi yatabaki ya kuvunja meno. Halafu utalaumu mahindi. Ndivyo tunavyofanya tunapomwongezea mtoto mwenye hofu kelele, vitisho na mitihani ili aive haraka.

Niwaonyeshe mmoja. Pale sokoni upande wa nafaka kuna mama wa rika langu anayeuza maharagwe, na mjukuu wake alikuwa akishinda naye kila shule zikifungwa. Mtoto wa miaka 6 hivi. Cucu wake, yaani nyanya yake, akishamwaga magunia, mtoto anayapanga madebe: rosekoko kwanza, kisha nyayo, kisha mwitemania, kisha wairimu, na njahi mwisho kabisa. Mteja akichanganya aina mbili kwa mkono wake mtoto anapiga ukelele hadi wauza karoti wanageuka. Juu ya kila debe kulikuwa na kipande cha katoni chenye bei, na aliyeandika bei hizo ni yeye. Akishamaliza hukaa juu ya gunia tupu na kusoma kila kilichoandikwa mbele yake: majina ya viwanda kwenye magunia, maneno ya mbwembwe ubavuni mwa matatu, tangazo la kifo lililobandikwa kwenye nguzo ya stima. Alisoma kwa sauti moja, bila kumtazama mtu, na hakukosea.

Ripoti yake ya shule ilisema: hajui kusoma.

Cucu wake alinionyesha ile karatasi, tukacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki yenyewe. Shule siitaji, maana kosa lile lingeweza kuwa la shule yoyote. Muhula uliofuata akaja mwalimu mpya, binti mdogo. Yeye hakuuliza mtoto ana nini, aliuliza darasani kuna nini. Akakaa siku kadhaa akitazama, akagundua kwamba mtoto huanza kutetemeka kabla ya kila kipindi kwisha, macho yakiwa dirishani. Nje ya dirisha lile, kwenye tawi la mkaratusi, ilining'inia ringi ya gurudumu la lori, ndiyo kengele ya shule. Mtoto hakuwa akisikiliza somo. Alikuwa akingoja chuma kigongwe, na hakujua kitagongwa lini.

Binti yule akamhamishia dawati upande wa pili, ubavuni mwa ukuta. Akachora vipindi vya siku kwenye katoni, kimoja chini ya kingine, na kengele akaichora kila mahali pake. Kipindi kikiisha mtoto anafunika picha yake kwa kizibo cha soda. Akamwomba yule mwanafunzi mkubwa anayegonga kengele apite kwanza mlangoni na kuinua mkono. Shilingi haikutumika. Mtoto naye hakugeuka malaika: aliendelea kulia siku za gwaride, na uji wa shule hakuugusa mwaka mzima. Lakini muhula wa 3 alisimama akasoma ukurasa mzima wa kitabu cha Kiswahili, uso ukiwa ukutani na mgongo kwa wenzake. Mwalimu mkuu alitaka ageuzwe. Binti yule akamjibu kwa adabu, "Mwalimu, tumwache tu asomee ukuta. Ukuta haujalalamika."

Najua mtakalosema, maana nimelisikia katika chumba cha walimu mara nyingi kuliko nilivyokunywa chai yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Samaki mkunje angali mbichi. Methali zetu hazina ubaya, wanangu. Zilisemwa juu ya mtoto anayejua anachokatazwa na akakifanya kwa makusudi. Huyu hajafanya makusudi. Ukimchapa mtoto aliyeogopa, umemthibitishia tu kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa. Kesho atakaa kimya, nawe utasifiwa kwa kumnyoosha, kumbe ulichomfundisha ni kuficha. Na kwa wale wanaosikia sheria kuliko mawaidha: kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inasema anayemtesa mwanafunzi kimwili au kiakili anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili. Hata hivyo fimbo bado iko nyuma ya kabati. Sote twajua ni kabati lipi.

Kuna na yule asiyeonekana kabisa, mara nyingi msichana. Darasani ametulia, anaiga wenzake, akicheka mwenzake naye anacheka, daftari safi. Mwalimu anamsifu. Akifika nyumbani, hata begi halijatua, anaanguka sakafuni na kulia saa nzima kwa sababu kijiko cha chai kimewekwa upande usio wake. Mama akienda kueleza shuleni anaambiwa, "Hapa hana shida yoyote, labda nyumbani kwenu." Mama anarudi akijiona mwongo. Mtoto huyo amebana hofu yake siku nzima, na imetokea pale alipojisikia salama. Mwalimu, ukiambiwa habari kama hiyo, amini kwanza, uliza baadaye. Ni nafuu kuamini jambo lisilokuwepo kuliko kumpoteza mtoto aliyekuwepo.

Sasa niwageukie wenye huruma, kwa sababu nao wana upuuzi wao, tena huu ni mtamu. Mtoto analia Jumatatu, baba anasema mrudishe nyumbani apumzike. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano hakuna hata aliyejaribu. Ikifika Pasaka mtoto hana shule, mama hana kibanda sokoni kwa sababu hana wa kumwachia, na mtoto anafungiwa chumba cha nyuma wageni wakija. Hofu inayokimbiwa kila siku haipungui, huota mizizi. Mtoto hakupata nafasi ya kugundua kwamba lile gwaride linaisha, kwamba mvua hukatika, kwamba mama hurudi saa saba kama alivyosema. Baada ya miaka michache mnakuwa na kijana mrefu anayeogopa hata barabara, na hapo kila kitu ni kigumu mara kumi.

Kati ya kumburuta na kumficha kuna njia, nayo ni ya hatua fupi. Mtoto anayeogopa gwaride asilazimishwe kusimama mstari wa mbele, wala asisamehewe milele. Wiki hii asimame langoni na mtu anayemwamini, atazame kwa mbali. Wiki ijayo aje hadi mtini. Kisha mwisho wa mstari, wimbo mmoja tu, arudi darasani. Akishindwa, rudi hatua moja bila kumsomea risala. Wataalamu wa tiba ya mazungumzo hufanya hivyohivyo na watoto wakubwa wenye maneno ya kutosha, na imeonekana kuwasaidia wengi. Kwa wadogo, mtaalamu wa kwanza ni mzazi na mwalimu wanaokubaliana hatua ya kesho ni ipi.

Mkitaka kujua inaweza kufika wapi, sikilizeni habari za mtoto wa kwanza kabisa kati ya wale 11 wa Kanner. Aliitwa Donald Triplett, mzaliwa wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Mwaka 1942 wazazi wake walimpeleka akae na familia moja ya wakulima. Wale wakulima hawakuwa na shahada. Mtoto alikuwa na wazimu wa kupima vitu, wakamchimbisha kisima na kumwambia alete taarifa ya kina chake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena. Wakamwambia, vizuri, ihesabu huku ukiilima. Kanner alipokwenda kumtembelea alimkuta akiendesha plau ya farasi, anageuza mwisho wa mstari vizuri kabisa. Akasoma katika shule ya kijijini ambapo vituko vyake vilikubaliwa, akasonga mbele. Baadaye alifika chuo, akafanya kazi katika benki ya mji wao kwa miaka mingi, akajifunza gofu, akasafiri nchi nyingi. Alifariki 2023 akiwa na miaka 89. Hakupona usonji, wala hakuhitaji kupona. Alikutana mapema na watu waliomwacha ahesabu mahindi.

Mahindi tunayo Mathira. Kilichobaki ni vitu vidogo, na vingi havinunuliwi. Mwambie mtoto kitakachotokea kabla hakijatokea, tena mwonyeshe kwa picha, maana maneno yakishasemwa yanapotea na picha inabaki ukutani. Mpe kiti kimoja mwaka mzima. Toa agizo moja, kisha nyamaza, ungoje; mwalimu akirudia upesi kwa sauti kubwa zaidi, mtoto anaanza kulichambua upya tangu mwanzo. Usimlazimishe akutazame machoni, anaweza kukusikia vizuri zaidi akitazama dari. Tenga pembe moja yenye mkeka anapoweza kwenda dunia ikimzidi, na isiwe pembe ya adhabu. Akishika kizibo au kipande cha kamba ili atulie, mwachie. Kata lebo ya sweta. Ikiwa anapenda matatu, mfundishe hesabu za kutoa kwa matatu: abiria 14, wameshuka 3, makanga anadai nauli ya wangapi? Na ukimwona amebadilika ghafla, kagua kwanza meno, masikio, usingizi na kifafa kabla ya kusema ni tabia, kwa sababu mtoto asiyeweza kusema "nina maumivu" huyasema kwa ngumi.

Na ulizeni kwa wenye kazi yao. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, serikali ilianza kuweka vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum na kuwaelekeza kielimu. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, uliza kituo kilicho karibu. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa 1986 pale Kasarani, ndiyo inayowafundisha walimu wa fani hii na pia hupima watoto. Nairobi, shule ya City Primary pale Ngara ina kitengo cha watoto wenye usonji ndani ya shule ya umma, na Chama cha Usonji cha Kenya kipo tangu 2003. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu humsajili mtoto baada ya kupimwa hospitalini. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule zilizounganishwa na jamii kwa kadiri inavyopatana na maslahi yake. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa analia".

Mtaala wa umilisi nao umetupa jambo jema ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto asiyeweza kufuata gredi kwa umri wake anaweza kufuata njia ya hatua, aanze na msingi, aende wa kati, kisha maandalizi ya ufundi na ufundi wenyewe. Sikilizeni hapo, wazazi wa kulinganisha. Mtoto wa jirani kufika gredi ya 4 hakujampunguzia wako chochote. Nimewaona watu wazima wakigombania nafasi za watoto wao kwa sauti ya mnada wa ng'ombe, na miaka 20 baadaye watoto wale wote wako mjini, hakuna anayekumbuka nani alikuwa wa kwanza. Anachokumbuka mtoto ni kama shule ilikuwa mahali pa kutetemeka.

Sitawaomba mwe watakatifu. Mtachoka, mtafoka, kuna asubuhi mtamvuta mkono kwa nguvu kwa sababu matatu inaondoka na bosi hana subira. Mungu anajua, na mtoto husamehe upesi kuliko mke mwenza. Ninachoomba ni kidogo. Mwalimu, muhula ukifunguliwa, mpe mtoto huyo wiki mbili za kwanza usimdai hata herufi moja; kazi yako iwe kutafuta kinachomtisha na kukiondoa au kukipunguza. Mzazi, nenda ukamwone mwalimu kabla hajakuita, umwambie mwanao anaogopa nini na hutulizwa na nini, umwandikie kwenye karatasi moja, maana ana watoto 50 na kichwa kimoja. Baba, na wewe nenda. Nawe jirani, ukimkuta mama njiani na mtoto aliyelala chini analia, usimpe ushauri. Mshikie kikapu, ufunge mdomo.